Gari Lililolala Kati ya Makochi

Kwa mtu anayeishi kwa mdomo wake, hakuna adhabu kama kuamriwa aufungue na kunyamaza. Mshauri alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, pamba shavuni, nusu ya uso imekufa ganzi, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alilazimika kusikiliza. Ndipo alipopata kazi.

Jina la Mshauri alijipa mwenyewe. Lilikuwa kwenye kadi alizochapisha, bila kutaja anashauri nini, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza, halikupata kufafanuliwa. Alikuwa ameshauri watu wauze viwanja visivyo vyao na wanunue jenereta zisizo na injini. Viatu vyake viling'aa kuliko historia yake.

Daktari alisimama dirishani, amempa mgonjwa mgongo, simu sikioni, akinong'ona kama mtu anayeamini kwamba ganzi ya meno huziba na masikio.

"Ijumaa haiwezekani. Kaka, nielewe. Nakaa ghorofa ya tatu, gereji hakuna. Kuna maegesho ya pamoja tu, na dirisha la jikoni kwetu linatazama hapo hapo. Mke wangu ataliona kabla sijazima injini... Najua limekaa kwako muda mrefu. Najua. Ila gari jekundu la spoti siwezi kuliacha barabarani kama ndoo ya taka."

Alirudi kwenye jino kwa hasira ambayo jino halikustahili. Mshauri aliumia kwa uvumilivu, akipanga hesabu zake. Pamba ilipotoka alisukutua, akatema, akajifuta kidevu.

"Daktari," alisema, maneno yakimtoka yameinama upande mmoja, "gari la namna hiyo halilali nje."

"Gari gani?"

"La Ijumaa."

Daktari akautazama mlango. Ulikuwa umefungwa. "Umesikia nini wewe?"

"Nimesikia mtu ana gari zuri na hana pa kuliweka. Mimi ninapo pa kuliweka na sina gari zuri. Tumecheleweshana tu kufahamiana." Akatoa kadi. "Naendesha hifadhi ya vitu vya thamani. Mahali pakavu, pana mlinzi, hapaingii jua wala vumbi. Wateja wangu siwataji. Wewe nawe sitakutaja."

Daktari aliigeuza kadi, akasoma na upande usio na maandishi. Alikuwa mtu wa digrii mbili na akili ya kutosha kwa moja. Gari hilo alilinunua kwa akiba ya kujengea nyumba. Mkewe aliamini kwamba nyumba inakaribia kwisha, kwa sababu kila mwezi mumewe alimtumia picha za zamani za jengo la mtu mwingine. Yote hayo aliyafanya ili siku ya mkutano wa watu aliosoma nao aingie kwa kishindo mbele ya mmoja wao, aliyekuwa wa kwanza darasani na ambaye huenda alikwisha kumsahau.

"Liko wapi hilo ghala lako?" aliuliza.

"Si ghala. Ghala ni la mahindi. Utapaona Jumapili, pakiwa na gari lako ndani."

Hifadhi hiyo haikuwepo. Mshauri mwenyewe alikaa katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake, vyumba vinne mwishoni mwa kichochoro ambacho hata toroli lilipita kwa kubembelezwa. Ilikuwa mali yake ya pekee ya kweli. Kila kitu kingine alichowahi kumiliki kilikuwa cha mtu mwingine.

Alitoka kliniki, akapita barabara kuu akitazama majengo kama mnunuzi, mpaka akasimama mbele ya duka kubwa la samani. Mafundi walikuwa wameng'oa milango yote ya mabati ya mbele. Duka lilikuwa wazi kama kinywa chake saa moja iliyopita, na ndani kulikuwa na sakafu ya vigae, makochi, makabati, na nafasi ya kutosha.

Mwenye duka aliitwa Shangazi. Nusu ya wafanyakazi walikuwa watoto wa kaka zake, na nusu nyingine walikuwa wameona kwamba ni salama zaidi kumwita hivyo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi. Nimekuja kukupa."

"Basi unauza ghali. Kaa."

Mshauri akakaa kwenye kochi lenye umbo la pembe, kubwa kama kivuko, akaanza. Alikuwa anawakilisha kampuni ya magari ya kifahari. Kampuni hiyo huchagua duka moja tu katika kila mji na kuweka gari katikati ya bidhaa. Watu huingia kutazama gari na kutoka na kitanda. Duka huchangia kidogo tu kila mwezi, ya heshima.

"Linakaa muda gani?"

"Hata mwaka, ukipenda."

"Mwenyewe hatalihitaji?"

"Mwenyewe ni kampuni, Shangazi. Kampuni ina haja gani ya kwenda matembezi?"

Shangazi aliikata ile ya heshima katikati, akaikata tena, akalipa. Mshauri alipokea kwa uso wa mtu aliyeonewa. Moyoni alikuwa anacheza. Gari moja, na pande mbili zitamlipa: huyu ili likae, yule ili likae. Katika maisha yake yote hakuwahi kubuni kitu chepesi namna hii, na kwa kuwa kilikuwa chepesi alidhani kimekamilika.

Akiwa anaondoka akakumbuka jambo. "Hapa mbele patabaki wazi mpaka lini?"

"Ijumaa jioni kioo kinafungwa. Kwa nini?"

"Gari halipiti mlango wa watu."

"Kweli," alisema Shangazi, akaitazama ile nafasi kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Halipiti."

Ijumaa mchana gari lililetwa juu ya lori la winchi, limefunikwa turubai, likaingizwa polepole na kuwekwa juu ya zulia, kati ya lile kochi la pembe na kabati la vyombo. Turubai lilipoondolewa mafundi waliacha kazi kwa heshima. Lilikuwa jekundu, fupi, limelala chini kama mtu anayejificha, ila kwa rangi ile hakuna angeamini kwamba linajificha.

Shangazi alitoka nje, akazungumza na fundi mwashi, akarudi ndani kuhesabu mito ya makochi. Baada ya muda Mshauri alimkuta fundi akipanga matofali mahali ambapo kioo kilipaswa kushuka mpaka chini.

"Unajenga nini hapa?"

"Ukingo. Shangazi kabadilisha mawazo. Alitaka kioo mpaka sakafuni, sasa anataka matofali mpaka gotini, na nguzo ya zege katikati. Mlango unabaki ule wa pembeni."

Mshauri aliukagua ukingo, akaugonga kwa ncha ya kiatu. Mwizi gani angelitoa gari hapo? Hata yeye, pamoja na vipaji vyake, asingeweza. Akaridhika kabisa.

"Ongeza saruji," alimwambia fundi.

Ulikuwa ushauri wake wa kwanza wa bure.

Jumapili alimpitisha daktari mlango wa nyuma. Mlinzi aliwapigia saluti na kuwafuata kwa mbali. Kioo cha mbele kilikuwa bado kimebandikwa karatasi za kaki, na mwanga ndani ulikuwa hafifu, wa kiofisi, unaofanya kila kitu kionekane cha gharama.

"Na haya makochi?" aliuliza daktari.

"Ya wateja wengine."

"Yana bei."

"Hiyo ni thamani ya bima, Daktari. Kila kitu kinachoingia humu kinathaminiwa. Lako bado, kwa sababu halina mfano."

Daktari aliridhika. Akaingia garini, akafunga mlango, akashika usukani kwa mikono miwili. Hakuwasha injini, kwa kuwa Mshauri alikuwa amemwonya kwamba moshi unaharibu ngozi za makochi ya wateja wengine. Lakini mlinzi, kutoka pale aliposimama, aliona wazi midomo ya mtu mzima ikitetemeka kwa mngurumo. Gari lilikata kona mbili kabla dereva hajakumbuka kwamba anatazamwa.

Aliposhuka alikuwa daktari tena. Akatoa karatasi alizoandikiwa na mwanasheria mmoja, mgonjwa wake, ambaye bado alikuwa na meno ya kutibiwa na kwa hiyo alikuwa mwaminifu.

"Nataka dhamana. Siku nitakayolitaka gari, unikabidhi barabarani, siku hiyo hiyo. Ukishindwa, nyumba yako inakuwa yangu. Hati nakaa nayo mimi. Hutaki, nalihamisha leo."

Hapa mtu mwingine angefikiri. Mshauri naye alifikiri, ila kuhusu wezi. Akaangalia nguzo ya zege, ukingo wa matofali, mlinzi. Gari haliwezi kuibwa. Kwa hiyo, kwa hesabu yake, nyumba ilikuwa salama kuliko ilivyowahi kuwa. Aliweka saini juu ya meza ya chakula ya watu wanane, kwa mwandiko mzuri, na kesho yake akaipeleka hati kliniki mwenyewe.

Karatasi za kaki zilipoondolewa, mji ulijaa mbele ya kioo. Watu waliacha njia zao. Wanaume waliokuja kutazama gari waliletewa viti vya kukalia, na wengi walivinunua kwa kuona aibu kuinuka. Siku ya tatu daktari alipiga simu.

"Gari langu liko dirishani. Mji mzima unalitazama."

Mshauri hakumeza hata mate. "Daktari, ungelificha kwenye shimo, mtu angeuliza la nani. Hapo kuna anayeuliza? Wote wanajua ni la duka. Hiyo ndiyo hifadhi ya daraja la juu, na nilitaka nikupe bila nyongeza. Ila kwa kuwa umeligusia jambo lenyewe, nyongeza ipo."

Daktari alilipa nyongeza. Tena, kila mchana alivua koti jeupe, akaenda kusimama kwenye umati, mikono nyuma, akisikiliza watu wasiomjua wakilisifia gari lake. Akapata kwa siku moja sifa ambazo meno hayakumpa maisha yote. Aliyekuwa ndani ya duka, akipanga vitambaa vya mezani, angeweza kumwona vizuri sana. Shangazi alipenda kupanga vitambaa.

Kisha siku ya mkutano ikakaribia.

"Nalitaka Jumamosi asubuhi," daktari alisema kwenye simu. "Limeoshwa."

"Litakuwa barabarani kabla hujamaliza chai," alijibu Mshauri, akaenda dukani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua mwavuli wake.

"Shangazi, kampuni inalitaka gari kidogo. Ukaguzi."

"Lichukue."

Mshauri akageuka kulitazama gari, akautazama mlango, akarudia tena kwa kufuata mpangilio ule ule. Akaazima futi ya fundi wa mapazia na kupima. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko gari kwa kitu kama urefu wa mkono. Alipima mlango wa nyuma: ulikuwa na ngazi, na ulikuwa mwembamba zaidi. Akarudi mbele na kupima upya, labda gari lilikuwa limepungua.

"Itabidi tubomoe ukingo," alisema.

"Ukingo wa nani?"

"Kidogo tu, Shangazi."

"Na nguzo kidogo tu, na kioo kidogo tu. Nifunge duka langu kwa sababu ya ukaguzi wa kampuni isiyo na haja ya matembezi? Hapana, mwanangu. Wakaguzi waje hapa. Nitawapa viti."

Kesho yake Mshauri alimtuma mwenzake wa zamani, amevaa tai na kofia ya ujenzi, kutangaza kwamba ukuta umekiuka kanuni na lazima ushuke siku hiyo hiyo. Shangazi alimkaribisha, akamkalisha, akamuuliza ofisi yake iko ghorofa ya ngapi. Mkaguzi alitoka na stuli mbili za mkopo.

Jumamosi asubuhi daktari alifika amevaa suti na miwani myeusi, ufunguo mkononi. Barabarani hapakuwa na gari. Alikuwepo Mshauri peke yake. Wakaingia ndani pamoja.

"Karibu, Daktari," alisema Shangazi. "Leo umeingia. Siku zote unasimama nje na wapita njia."

Daktari akavua miwani. "Unanijua?"

"Mkeo ni mteja wangu. Ameshachagua kochi hili la pembe, meza ya watu wanane, vitanda vitatu na kabati. Anasubiri tu umwambie nyumba imekwisha. Amenionyesha na picha." Shangazi akanyoosha kitambaa kisichokuwa na kikunjo. "Nyumba nzuri. Mapazia yake nilishona mimi, mwaka jana, na wenyewe wamehamia."

Daktari akakaa. Alikalia kochi la pembe, juu ya kibandiko cha bei.

"Unataka nini?"

"Mimi? Nina shida gani? Gari linakaa hapa, linaniletea watu. Liandike jina langu, mkeo achukue samani zote alizochagua, na mimi sijawahi kukuona. Au nimpigie simu aje tuzungumze wanne."

"Samani atazipeleka wapi? Nyumba haipo."

"Ile ya kwenye mkataba je?"

Wote wawili wakamgeukia Mshauri, taratibu, kama watu waliokumbuka mahali walipoweka kitu.

"Mkataba upi?" alisema Mshauri. Sauti yake ilikuwa imerudi kwenye ganzi.

"Mliousaini juu ya meza yangu. Mlinzi ni mtoto wa kaka yangu, na masikio yake ni mazima."

"Mkataba unasema gari likabidhiwe leo. Leo bado ipo."

"Basi likabidhi," alisema Shangazi.

Wakautazama mlango. Mteja mmoja alikuwa anauingia, kwa upande kidogo, kwa sababu alikuwa mnene.

"Ramani yako haikuwa na ukingo," Mshauri alisema hatimaye. "Fundi aliniambia."

"Haikuwa. Uliponiuliza mbele patabaki wazi mpaka lini, nikajiuliza: mtu wa kampuni kubwa, bila barua, bila mhuri, anapokea chochote anachopewa, ana haraka ya nini? Nikaona gari hili mwenyewe anajificha, na wewe si mwenyewe. Kitu cha watu wawili wasioweza kwenda polisi ni cha kujengewa ukuta."

Alilisema bila majivuno, kama anayeeleza kwa nini mbao fulani haifai kwa kitanda.

Daktari hakwenda kwenye mkutano. Ilisemekana kwamba yule aliyekuwa wa kwanza darasani naye hakwenda, na kwamba hakuna aliyeuliza habari za yeyote kati yao. Ufunguo ulibaki juu ya meza ya Shangazi. Mwanasheria aliyahitimisha mambo ya nyumba kwa haraka ya kupendeza. Alikuwa amebakiza magego mawili ya kutibiwa.

Siku ya kuhamia, wabebaji wa duka waliingia kichochoroni na samani vichwani, mmoja nyuma ya mwingine. Mke wa daktari alisimama uani, akaihesabu nyumba kwa macho.

"Kwenye picha ilikuwa kubwa zaidi," alisema.

"Picha hukuza," alijibu mumewe.

"Na ilikuwa mpya."

"Mvua, mke wangu. Na mafundi wa siku hizi."

Mkewe alimtazama kwa namna iliyoonyesha kwamba jambo hilo limehifadhiwa mahali pakavu, litatolewa wakati wake. Kisha akaingia kuchagua chumba.

Mshauri alikuwa kando, ameketi juu ya sanduku lake, godoro limekunjwa pembeni. Aliangalia kochi la pembe likifika mlangoni, likiinamishwa, likigeuzwa, likikwama. Wabebaji walilisukuma, wakalivuta, wakapumzika. Mkubwa wao akaugonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza, akaitisha nyundo. Fremu ilitoka kwa mapigo matatu. Matofali yaliyowekwa na marehemu mama yake yakafuata bila ubishi, na kochi likapita.

"Ule wa dukani mlisema haubomolewi," alisema Mshauri.

"Ule ni wa Shangazi," alijibu mbebaji, akajikung'uta vumbi.

Shangazi mwenyewe alifika baadaye kuhakikisha kwamba hakuna mguu wa kiti uliovunjika. Alipokuwa anatoka alisimama mbele ya sanduku na godoro, akavikagua, akatikisa kichwa kwa huruma ya kibiashara.

"Vitu vya namna hii havilali nje," alisema. "Ninapo mahali nyuma ya duka. Pakavu, pana mlinzi, hapaingii jua. Utalipa kidogo tu kila mwezi, ya heshima."

Mshauri aliingiza mkono mfukoni. Kisha, kabla hajautoa, akauliza upana wa mlango.